Mnara wa simu chumbani? Inawezekana, ila ngoja kwanza!

Hebu nikuulize msomaji wangu, ule mnara wa simu wa mtaani kwenu, unaowaka taa nyekundu usiku, unadhani ndani yake kuna dude gani? Usishangae nikikwambia sehemu kubwa ya kazi yake siku hizi inafanywa na kompyuta.

Zamani redio ilikuwa redio tu. Ukitaka ifanye kazi nyingine, fundi anachomoa vipuri na kuchomelea vingine. Sasa kuna redio ambayo yenyewe inanasa mawimbi na kuyageuza tarakimu, basi. Yaliyobaki ni programu. Leo inasikiliza mpira, kesho ukibadilisha programu imekuwa mnara wa simu! Na inaenea kiganjani.

Mshikaji wangu mmoja wa kijiweni, fundi redio, anacho kile cha bei poa. Ni kidubwasha cha kuonea TV kwenye kompyuta, ambacho mwaka 2012 wajanja waligundua kinaweza kunasa mawimbi kibao. Usiku yuko macho anafuatilia ndege zinazopita angani. Lakini hicho kinasikiliza tu, hakisemi. Sasa jamaa ana uchu wa kinachosema. "Nikikipata tu, naanzisha mtandao wangu, nyie wote mtapiga bure!" Kijiwe kizima kikashangilia.

Na wala si wazimu. Kule Marekani, David Burgess na Harvind Samra walitengeneza programu iitwayo OpenBTS, na mwaka 2008 wakaijaribu jangwani Nevada, kwenye tamasha la Burning Man. Mwaka 2010 ikafungwa kisiwani Niue, huko Pasifiki.

Lakini kilichonikuna mimi ni Talea de Castro, kijiji cha milimani Oaxaca, Mexico. Watu kama 2,500 hivi. Kampuni kubwa za simu ziliwapa kisogo, eti hakulipi. Mwaka 2013, wakisaidiwa na kundi la Rhizomatica, wakafunga mtandao wao wenyewe. Wakati huo ilikuwa peso 15 kwa mwezi, unaongea na kijiji kizima, ila simu moja isizidi dakika tano ili na wenzako wapate nafasi. Nikamkumbuka mjomba wangu kule kijijini, ambaye akitaka kunipigia lazima apande juu ya kichuguu, mvua ikinyesha ndiyo basi tena.

Sasa mbona nasema ngoja kwanza? Kwa sababu simu ya 2G, zile za tochi ambazo wazazi wetu wengi wanazo, ni kama mtoto mdogo: anayeita kwa sauti kubwa ndiye anayemfuata. Mnara unaiuliza simu "wewe nani?", lakini simu haiulizi mnara. Mwaka 2010 pale Las Vegas, kwenye mkutano wa DEF CON, mtaalamu mmoja alionyesha mbele za watu mnara bandia wa kama dola 1,500 ukizivuta simu za waliokuwemo.

Piga picha sasa mama jirani, mjamzito, saa nane usiku uchungu umeanza. Simu inaonyesha mtandao umejaa, kumbe imehamia kwa mshikaji wangu, ambaye mtandao wake hauendi popote! Anapiga, wapi. Nani atajibu hapo?

Kwenye 3G na 4G simu nayo inahakikisha mnara, kwa siri iliyo ndani ya laini. Ndiyo maana wanaojaribu 4G nyumbani hununua laini tupu na kuziandikia siri zao wenyewe. Halafu masafa nayo yana wenyewe. Hapa Tanzania kuna sheria ya mwaka 2010, na leseni inatoka TCRA. Wenzetu wanaojua huunganisha redio na simu kwa waya bila antena, au hufungia kila kitu kwenye sanduku la chuma lisilopitisha mawimbi.

Nilimweleza mshikaji, akanuna. "Wewe kazi yako kunitia kauzibe tu!" Ila juzi nimemkuta na sanduku la bati la shuleni, amefungia simu ndani, anaipigia kwa nyingine. Ikaita. Kachukua karatasi ya alumini, anaziba matundu.