Hazina Haijazwi kwa Sera Peke Yake

Mwaka 2019 Ethiopia ilipitisha sera ya kitaifa ya ufikiaji huria. Iliagiza kwamba matokeo ya utafiti uliogharimiwa na fedha za umma katika vyuo vikuu vya nchi hiyo yawekwe mahali ambapo yeyote mwenye intaneti anaweza kuyasoma bila malipo: katika hazina ya chuo husika na katika hazina ya kidijitali ya taifa, NADRE. Sera ilitaka hata uwazi uwe kigezo cha kupima maombi ya ruzuku. Hapo hakuna cha kulaumu. Tatizo ni kwamba sera hutaja wajibu wa wote, ilhali hazina hujazwa na mhadhiri mmoja mmoja, tena katika muda mfupi sana wa maisha ya makala yake.

Jarida likishakubali makala, mhadhiri hubaki na mswada wa mwisho, uliokwisha kusahihishwa lakini haujapangwa wala kutiwa nembo ya mchapishaji. Toleo hilo ndilo wachapishaji wengi wanaloruhusu liwekwe katika hazina. Mwaka ukipita, faili limezama kwenye kompyuta kati ya mengine yanayoitwa “mwisho” na “mwisho kabisa”, na mwandishi mwenza amehamia chuo kingine. Akilipata, anakabiliwa na fomu ya kujaza: muhtasari, maneno muhimu, mfadhili, leseni. Akimaliza, hapati kitu, maana kamati ya kupandisha vyeo inahesabu majarida, haihesabu hazina. Mkutubi anayesubiri faili hilo huishia kupakia rekodi tupu: jina la makala bila makala yenyewe.

Wapo wanaosema watafiti wahamasishwe tu, wakielewa faida watajitokeza. Marekani ilijaribu njia hiyo. Mwaka 2005 taasisi zake za taifa za afya, NIH, ziliwaomba watafiti waliofadhiliwa waweke makala zao katika hazina ya mtandaoni ya PubMed Central kwa hiari. Waliotii mwanzoni hawakufika asilimia 5. Mwaka 2008 hiari ikageuzwa sharti, na idadi ikapanda sana, ingawa wakaidi hawakukosekana. Kilichowasukuma hao ni tangazo kwamba kuanzia 2013 ruzuku za wasiotii zingecheleweshwa. Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, kilipita njia fupi zaidi: chini ya mkuu wake Bernard Rentier, kiliamua kwamba anayeomba kupandishwa cheo atahesabiwa makala zilizomo katika hazina ya chuo, ORBi, basi. Hazina hiyo ikajaa.

Pingamizi zito zaidi ni haki miliki, kwa kuwa wachapishaji wengine hutaka mswada ufichwe kwa miezi kadhaa. Lakini kuweka si lazima kuwe kufungua. Liège hupokea faili mara makala inapokubaliwa, hulifunga hadi muda uishe, na wakati huo msomaji huweza kumwomba mwandishi nakala. Hofu ya wizi wa kitaaluma, inayosikika zaidi kuhusu tasnifu, mimi naiona imegeuzwa kichwa chini. Tasnifu iliyofungiwa kabatini ndiyo rahisi kuibwa, kwani hakuna programu itakayoilinganisha na nyingine. India imekusanya tasnifu za udaktari kwa malaki katika hazina yake ya Shodhganga, na chuo kilichoizoea hakina sababu ya kurudi kwenye kabati.

Linabaki suala la mtambo wenyewe, na hapa Ethiopia ina somo chungu. Mwishoni mwa Juni 2020 intaneti ilizimwa nchini kote kwa wiki kadhaa, na vita vya Tigray vilipoanza Novemba mwaka huo, mji mkuu wa jimbo hilo, Mekelle, na chuo kikuu chake vikakatiwa mawasiliano kwa muda mrefu. Hazina ya taifa inahitaji nakala kamili katika seva za nchi nyingine, na bajeti ya kudumu ya wakutubi na mafundi, si fedha za mradi wa miaka mitatu. Hilo ni la serikali. La vyuo ni jepesi zaidi na halihitaji mfadhili: fomu ya kupanda cheo iongezewe safu moja ya anwani ya kudumu ya kila makala katika hazina, na makala isiyo na anwani isihesabiwe.