Si mzembe, haoni ubaoni

Mpwa wangu wa Msambweni aliitwa mzembe chekechea. Eti hanakili vizuri. Kumbe mtoto haoni ubao, jamani!

Chekechea nyingi za umma huku Kwale hazina muuguzi, kwa hivyo mwalimu ndiye jicho la kwanza. Kipimo ni rahisi: mtoto azibwe jicho moja, aonyeshwe herufi E kwa mbali, aelekeze vidole kule miguu yake inakotazama. Asiyejua kusoma pia anaweza.

Usingoje. Jicho lisiloona vizuri ubongo hulizoea kulipuuza, na matibabu hufaa zaidi kabla ya miaka 7. Kituo cha Macho cha Kwale kipo tangu 1993.

Leo dogo ana miwani. Matatu ya Likoni ikipita, anaisoma herufi kwa herufi.