Thelma na Mikanda ya Filamu

Wajukuu zangu, mmeona video za muziki: mwimbaji yuko juu ya gari, mara yuko ufukweni, na wimbo haujakatika hata kidogo. Hakupaa. Kuna mtu alijifungia chumbani akakata picha vipande vipande, akaviunga. Huyo ndiye mhariri. Leo nawasimulia habari za mmoja wao, bibi wa Kimarekani aitwaye Thelma Schoonmaker.

Alizaliwa Algiers mwaka 1940, akakulia kisiwani Aruba. Alitamani kuwa mwanadiplomasia. Mitihani ya serikali akafaulu, lakini kwenye usaili akasema wazi kwamba anauchukia ubaguzi wa rangi wa makaburu. Waliomsaili hawakupendezwa, na udiplomasia ukaishia hapo. Ndipo akaona tangazo gazetini New York: anatakiwa mtu wa kufundishwa kukata filamu. Kazi yenyewe, mkiniuliza mimi, ilikuwa ya uharibifu mtupu, maana walizifupisha filamu nzuri za Ulaya ili zienee kwenye muda wa televisheni. Baadaye akasoma kozi fupi chuoni, akakutana na kijana Martin Scorsese, ambaye filamu yake ilikuwa imekatwa vibaya. Thelma akaiokoa.

Enzi hizo filamu ilikuwa mkanda wa kushikika, picha 24 kwa kila sekunde. Mhariri aliupitisha mezani akitazama picha moja moja, akaukata, kisha akaunga ncha mbili kwa utepe wa gundi unaopitisha mwanga. Vipande vingine vilining'inia kwenye pini, kila kimoja na namba yake. Ole wake aliyevichanganya!

Mwaka 1969 lilipigwa picha tamasha la muziki la Woodstock. Mikanda ilikuwa mingi ajabu. Thelma na wenzake wakakigawa kioo cha sinema, mwanamuziki upande huu na umati upande ule, vyote kwa wakati mmoja. Akateuliwa kuwania tuzo ya filamu ya Oscar. Hata hivyo chama cha wahariri kikamfungia mlango kwa miaka, kikitaka kwanza awe mwanagenzi. Mwanagenzi, yeye! Hatimaye akahariri Raging Bull, filamu ya bondia ya mwaka 1980, iliyompa Oscar ya kwanza kati ya tatu.

Mwaka 1987 alihariri video ya Michael Jackson, Bad. Sasa sikilizeni ujanja wenyewe. Dansi hupigwa picha mara nyingi, spika ikirudia wimbo uleule, ili kila kipande kilingane na sauti. Mkono ukianza kupanda kwenye kipande kimoja, kipande kinachofuata lazima kiupokee palepale hewani. Ukikosea kwa picha chache tu, jicho linashtuka, ingawa mtazamaji hajui kimemshtua nini.

Kompyuta zimekuja, mikanda imeondoka mezani, Thelma yupo. Killers of the Flower Moon ya mwaka 2023, yenye karibu saa tatu na nusu, aliihariri akiwa ameshavuka miaka 80.