Baiskeli za ndani: Je, zinamwandaa mtu kwa barabara?

Na Mwandishi Wetu

KATIKA majengo ya mazoezi ya miji mingi mikubwa, Nairobi na Dar es Salaam zikiwamo, chumba chenye kelele kuliko vyote huwa ni kile cha baiskeli zisizokwenda popote. Muziki hupigwa kwa sauti ya juu, mkufunzi hupaza amri, na watu hukanyaga pedali kwa dakika 45 hadi saa nzima huku jasho likidondoka sakafuni. Wengi wao hutaka kupunguza uzito tu. Lakini wapo wanaoingia humo wakiwa na hesabu nyingine: kujiandaa kwa safari ndefu au mashindano ya barabarani, hasa kwa kuwa ndani hakuna daladala wala lori linalopita sentimita chache kutoka kwenye kiwiko.

Je, hesabu hiyo ni sahihi? Jibu fupi ni kwamba moyo na mapafu hunufaika, tena kuliko wapenzi wa barabara wanavyopenda kukiri. Hata hivyo, baiskeli haiendeshwi kwa moyo na mapafu peke yake.

Ifahamike kwanza kwamba mazoezi haya yalizaliwa barabarani. Mwasisi wake, Johnny Goldberg, ni mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia California. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa akijiandaa kwa Race Across America, mbio za kuvuka Marekani kutoka pwani hadi pwani, na inaelezwa kwamba baada ya kukoswakoswa na gari katika mazoezi ya usiku aliamua kujiundia baiskeli ya kukanyagia nyumbani. Mwaka 1994 yeye na mwenzake John Baudhuin walianzisha kampuni ya Mad Dogg Athletics, ambayo ndiyo inayomiliki jina la biashara la Spinning. Kwa maneno mengine, chombo hiki hakikubuniwa kwa ajili ya watu wasiotaka kutoka nje, bali kwa mtu aliyekuwa na maelfu ya kilomita mbele yake.

Ushahidi kwamba mazoezi makali ya ndani huongeza kasi haukosekani, na mmoja ulio wazi zaidi umetoka katika bara hili. Mwaka 1996 watafiti wa Cape Town walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha waendesha baiskeli wanane wa kiume, ambao tayari walikuwa wakiendesha takriban kilomita 300 kwa wiki. Kwa wiki nne, sehemu ndogo ya mwendo huo, kama asilimia 15 hivi, iliondolewa na mahali pake pakawekwa mazoezi ya vipindi: kukanyaga kwa nguvu kwa dakika tano, kupumzika kidogo, kisha kurudia, mara sita hadi nane kwa siku ya zoezi. Muda wao wa wastani wa kumaliza kilomita 40, uliopimwa katika maabara, ulishuka kutoka dakika 56.4 hadi 54.4. Dakika mbili ni kitu kikubwa sana kwa watu waliokwisha kuzoea mashindano.

Jambo la kuzingatia ni kwamba watu hao hawakuacha barabara. Waliibadilisha sehemu tu, na sehemu kubwa ya kilomita zao ilibaki palepale. Aidha, vipindi vyao vilipangwa kwa kipimo cha nguvu. Darasa la kawaida la jimu hufuata wimbo: muziki ukipanda, watu husimama juu ya pedali, ukishuka, huketi. Zoezi la namna hiyo huuchosha mwili, lakini uchovu na maendeleo si kitu kimoja. Baiskeli nyingi za madarasani hazina kipimo cha wati, na mkufunzi anapoamuru “ongeza mzigo kidogo,” kila mmoja hukizungusha kitasa kwa kadiri ya dhamiri yake.

Yapo pia mambo yanayotokana na umbo la chombo chenyewe. Baiskeli ya darasani huwa na gurudumu zito la chuma, lenye kilo 15 hadi 20 kwa aina nyingi, na katika aina ya asili gurudumu hilo limefungamanishwa na pedali moja kwa moja. Likishashika kasi huendelea kuzunguka na kuivuta miguu pamoja nalo. Ndiyo maana mtu aliyelegeza mzigo anaweza kukanyaga mizunguko 110 kwa dakika, akajiona shujaa, ilhali sehemu ya kazi inafanywa na chuma. Barabarani hakuna msaada wa namna hiyo mlimani: ukiacha kukanyaga, baiskeli inasimama.

Mlima wenyewe haumo darasani. Ndani, mtu wa kilo 60 na mtu wa kilo 90 wakikanyaga kwa nguvu sawa huonekana kuwa sawa. Kwenye mwinuko, yule wa kilo 60 huondoka zake. Upepo nao haumo. Nguvu ya kushindana na hewa huongezeka kwa kasi mno kadiri mwendo unavyoongezeka, kiasi kwamba kutoka kilomita 30 hadi 36 kwa saa mwendeshaji huhitaji zaidi ya asilimia 70 ya nguvu ya ziada dhidi ya hewa peke yake. Hapo ndipo unapoonekana umuhimu wa kuinama vizuri na kujificha nyuma ya mwenzako, ufundi ambao kiti cha jimu hakiwezi kuufundisha.

Kisha kuna suala la muda. Mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani yalipofanyika Kigali Septemba 2025, kwa mara ya kwanza katika Afrika, mbio za wanaume zilikuwa na urefu wa kilomita 267.5. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda baada ya zaidi ya saa sita kwenye kiti, na ni waendeshaji 30 tu waliofika mwisho. Hata kwa mtu wa kawaida anayetaka kumaliza kilomita 100, mwili unapaswa kujifunza kutumia mafuta yake, kula na kunywa ukiwa mwendoni, na kuvumilia shingo na mgongo unaouma katika saa ya tatu. Hayo hayapatikani katika dakika 45.

Wanaotetea mazoezi ya ndani hupenda kumtaja Mathew Hayman wa Australia, na wana haki ya kufanya hivyo. Mwishoni mwa Februari 2016 alivunjika mkono katika mbio za Omloop Het Nieuwsblad nchini Ubelgiji. Akiwa hawezi kutoka nje, aliifunga baiskeli yake kwenye mashine ndani ya gereji na kukanyaga akiwa na mkono uliofungwa plasta, akishindana na wengine kwenye skrini kupitia programu ya Zwift. Wiki sita baada ya kuumia, Aprili 10, akiwa na umri wa miaka 37, alishinda Paris–Roubaix, zenye kilomita zaidi ya 250 na vipande virefu vya barabara ya mawe, kwa kumpita bingwa mara nne Tom Boonen katika mita za mwisho.

Lakini Hayman alikuwa ameziendesha mbio hizo zaidi ya mara kumi kabla ya hapo. Alilijua kila jiwe. Gereji ilimlindia injini tu. Usukani alikuwa nao tangu zamani.

Mwaustralia mwingine, Jay Vine, alipata mkataba wa kulipwa kwa kushinda mashindano ya Zwift ya mwaka 2020, na miaka miwili baadaye alishinda hatua mbili za Vuelta a España. Naye hakutoka sebuleni moja kwa moja: tayari alikuwa mshindani wa baiskeli za milimani na barabarani kwao.

Hatari kubwa basi humkabili mgeni mwenye miguu yenye nguvu na mikono isiyojua. Kwenye jimu baiskeli haiyumbi, haina kona, na mtu anaposimama juu ya pedali fremu hubaki wima. Barabarani, mwenye nguvu hizohizo hufika kwenye kona akiwa na mwendo asioweza kuudhibiti, au hugusa gurudumu la aliye mbele yake na kuwaangusha wenzake kumi.

Ndani nako kuna hatari zake. Mwaka 2017 madaktari wa Jimbo la New York waliandika katika jarida la American Journal of Medicine kuhusu watu waliolazwa hospitalini baada ya darasa lao la kwanza, misuli ya mapaja ikiwa imevunjika na kumwaga katika damu protini inayoweza kuharibu figo. Mkojo wenye rangi ya chai baada ya zoezi la namna hiyo ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Kwa mwenye kazi ya ofisini na siku sita za foleni, mpango unaoeleweka ni vipindi viwili vya ndani kwa wiki, vyenye mzigo wa kweli na feni mbele ya uso kwa kuwa hakuna upepo wa kuupoza mwili, pamoja na safari moja ndefu Jumapili alfajiri. Kiti cha jimu kipandishwe au kishushwe hadi kilingane na cha baiskeli yake. Na safari chache za mwanzo azitumie kujifunza kufunga breki, kupinda kona na kuangalia nyuma bila usukani kuyumba, katika barabara isiyo na magari mengi.