Land Rover Kuukuu: Anza na Breki, Injini Baadaye

Ndugu wanachama wa pande za Petta, Tororo na Busia wametuuliza mara nyingi juu ya matengenezo ya Land Rover za zamani, zile ambazo makampuni ya mashamba na viwanda yaliziuza kwa mnada na sasa zimo mikononi mwa wafanyakazi wenyewe, vyama vya ushirika na matawi yetu. Gari hizi bado zina kazi. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo na njia ya udongo ya kutoka Petta kwenda Tororo ikawa matope, gari dogo hukaa nyumbani, na Land Rover ndiyo humfikisha mgonjwa hospitali. Basi tueleze yale tuliyojifunza kwa mikono yetu wenyewe, pamoja na makosa yetu.

Kwanza lijue gari lako. Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948. Series II ilitoka mwaka 1958, IIA mwaka 1961, na Series III ilitengenezwa tangu 1971 hadi 1985. Ile fupi ina inchi 88 kutoka ekseli hadi ekseli, ndefu ina inchi 109. Bodi yake ni ya aluminiamu, haishiki kutu kama chuma, na jambo hilo huwadanganya wanunuzi wengi. Gari hung'aa juu, kumbe chasi ya chuma iliyo chini imeoza. Chukua nyundo ndogo, lala chini ya gari, gonga chasi kidogo kidogo tangu mbele mpaka nyuma. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hutoa sauti ya debe la matope. Angalia zaidi ule mhimili wa nyuma unaobeba ndoano ya kuvutia, na sehemu zinazotokeza pembeni kushika bodi. Kuchomelea kunawezekana, lakini toa tanki la petroli kwanza, na ufungue nyaya za betri na za altaneta. Fundi anayekuambia tanki halina neno kwa kuwa ni tupu, mwache. Mvuke wa petroli ndani ya tanki tupu hulipuka vibaya kuliko tanki lililojaa.

Sasa tuje kwenye breki. Wengi huanza na injini kwa sababu injini ndiyo inayopiga kelele. Sisi tulifundishwa kwa uchungu.

Dereva mwenzetu alikuwa akiendesha Land Rover ya kampuni moja ya mashamba, nyuma amebeba wavunaji. Kwa juma zima pedali ilikuwa laini, akamwambia msimamizi kwa mdomo, akajibiwa amalize msimu. Siku ya tano bomba la breki lililopita juu ya ekseli ya nyuma, ambalo kutu ilikuwa imelila, likapasuka katika mteremko. Katika nyingi za gari hizi mafuta ya breki ya magurudumu yote manne hupita katika njia moja. Bomba moja likitoboka, breki zote zimekwisha. Alishusha gia, akaligongesha gari kwenye kingo ya udongo, na wenzetu wawili wakavunjika mifupa. Alipoulizwa kama aliripoti, hakuwa na hata karatasi moja, na msimamizi alisema hakusikia kitu. Tangu siku hiyo kila dereva wa tawi letu ana daftari: tarehe, ubovu, jina la aliyeambiwa, sahihi. Sheria za usalama na afya kazini, ya Uganda ya mwaka 2006 na ya Kenya ya mwaka 2007, zinamtaka mfanyakazi atoe taarifa ya hatari anayoiona. Taarifa iliyoandikwa ndiyo inayomlinda.

Kwa hivyo pitia mabomba yote kwa kidole na kwa taa. Penye kutu iliyovimba, badilisha bomba zima. Usikate kipande na kuunga kwa mpira. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, basi yamwage na kuweka mapya kila baada ya miaka miwili, na usinunue chupa iliyofunguliwa. Kamwe usijazie mafuta ya injini. Tumeona mtu akifanya hivyo njiani kwa nia njema, na kabla ya siku mbili mipira yote ya silinda ilikuwa imevimba.

Kutoa hewa kunahitaji watu wawili. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu, umalizie na lililo karibu. Mmoja akanyage pedali, mwingine afungue nati ya kutolea hewa, aifunge kabla pedali haijaachwa, mpaka mapovu yaishe kwenye chupa. Usisahau kuongeza mafuta juu, ama utaanza upya. Baadaye rekebisha viatu vya breki: geuza nati iliyo nyuma ya drami mpaka gurudumu likwame, kisha irudishe kidogo mpaka lizunguke huru. Kwenye ile ndefu ya inchi 109 magurudumu ya mbele yana nati mbili kila moja, na wengi hurekebisha moja tu, halafu wanashangaa gari linavuta upande.

Jambo la vumbi tunalisema kwa mkazo. Vitambaa vya breki vya zamani vilikuwa na asibestosi, na vumbi lake likiingia mapafuni huleta ugonjwa baada ya miaka mingi. Usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu ya hewa. Lowesha drami kwa maji, futa kwa kitambaa, ukifunge kitambaa kile kwenye mfuko na kukitupa. Vijana wa gereji hutucheka kwa hili. Wacheke.

Breki ya mkono nayo ina siri yake. Haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka kwenye giaboksi kwenda nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, lile lililo hewani huweza kuzunguka, na difu humruhusu mwenzake aliye chini azunguke upande wa pili. Gari litateremka kutoka kwenye jeki huku breki ya mkono imevutwa kabisa. Weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, na usiingie chini ya gari linalosimama kwa jeki peke yake. Gogo nene la mti ni rafiki mwema.

Juu ya injini tutasema machache. Ile ya petroli ya lita 2.25 ni mvumilivu. Mwanya wa pointi ni milimita 0.35 hadi 0.40, valvu milimita 0.25, na mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi zetu ifikapo mwaka 2006, na injini za zamani ziliitegemea risasi hiyo kulinda viti vya valvu. Basi pima mwanya wa valvu mara kwa mara. Ukiona unazidi kupungua, kiti kinaliwa. Halafu spana: nati nyingi za gari hizi ni za inchi. Spana ya 13 huonekana kuingia kwenye nati ya nusu inchi, lakini hulegea na kuila pembe. Nunueni seti moja ya inchi kwa pamoja, ikae ofisini mwa tawi.

Shafti za nyuma zinazotoka difu kwenda gurudumuni hukatika, hasa dereva akiachia klachi kwa ghafula matopeni. Usihangaike. Gurudumu halishikiliwi na shafti hiyo, basi unafungua boliti sita za habu, unachomoa kipande, unaingiza mbele kwa kubonyeza kifundo cha manjano, na gari linavutwa na magurudumu ya mbele mpaka nyumbani. Kama magurudumu ya mbele yana habu za kufunga na kufungua, zifunge kwanza. Kipande cha ndani kilichobaki lazima kitolewe kabla ya safari nyingine, kwa kuwa kinaweza kuvunja difu. Na kumbuka ile breki ya mkono: shafti ikikatika, bila kuingiza mbele haishiki kitu.

Juu ya kuboresha gari, altaneta badala ya dainamo inafaa sana kwa anayesafiri usiku. Lakini gari za kabla ya mwaka 1967 zilikuwa na chanya ya betri kwenye bodi. Zigeuzwe kuwa hasi kabla ya kufunga altaneta, ama itaungua mara moja. Kifaa cha kusaidia breki ni fedha iliyotumika vizuri. Springi za majani machache hupunguza kurukaruka, ingawa kwa anayebeba magunia tungesema zile nzito za zamani zinatosha.

Wengi hutamani injini ya dizeli ya Kijapani. Tumeiona ikifanya kazi, na tumeiona ikivunja giaboksi ambayo haikutengenezwa kwa nguvu hiyo. Gari linalokimbia zaidi linataka breki bora zaidi, na namba ya injini haitalingana tena na kitabu cha gari mpaka ubadilishe maandishi, jambo linaloweza kukuweka mchana kutwa mpakani Malaba au Busia. Kwenye gari la tawi letu tulipiga kura, tukaiacha ile ya petroli. Fedha zilinunua mabomba mapya ya breki, silinda za magurudumu yote manne, na shafti moja ya akiba ambayo imefungwa kwa mpira nyuma ya kiti cha dereva.