Matope ya Mito Katika Nchi ya Chai

Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, mvua ya alasiri ikisha kunyesha, kijito kilichokuwa safi asubuhi hugeuka rangi ya matofali. Watu wengi hudhani kwamba hiyo ndiyo desturi ya mito, wala hakuna la kufanya. Sivyo. Tope lile halikuzaliwa mtoni. Limetoka juu, shambani na njiani.

Jambo hili lilichunguzwa zamani. Mwaka 1958 wataalamu wa utafiti wa kilimo na misitu wa Afrika ya Mashariki walianza kupima maji ya mabonde mawili karibu na Kericho. Bonde la Lagan liliachwa na msitu wake. Katika bonde la Sambret sehemu ya msitu ilifyekwa, ikapandwa chai. Wakati wa kufyeka, kijito kilifurika upesi zaidi kila mvua kubwa iliponyesha. Lakini mashamba yale yalipangwa vema kukinga mteremko, na chai ilipokua ikafunika ardhi, mvua haikupiga tena udongo mtupu.

Basi chai yenyewe haina kosa. Kosa ni ardhi iliyo wazi: chai changa isiyotandazwa nyasi, njia ya ng'ombe, ukingo wa barabara, na uwanja wa kituo cha kununulia majani, ambapo udongo umekanyagwa hata ukawa mgumu kama sakafu. Hapo maji hayazami, bali hukimbia, yakichukua samadi, uchafu wa vyoo na mafuta ya magari. Na kule chini mama wa nyumbani anangoja na dumu lake.

Tena kuna mbolea. Mkulima mdogo huipata kwa mkopo, na fedha hukatwa katika malipo ya majani yake. Mbolea iliyotiwa muda mfupi kabla ya mvua ya gharika huenda mtoni, lakini deni halichukuliwi na maji. Ikifuata mto Sondu hufika Ziwa Victoria, ambako mbolea ya namna hiyo hulisha gugumaji linalowasumbua wavuvi.

Yafaa matawi yaliyopogolewa yaachwe chini ya chai, yasichukuliwe yote kuwa kuni. Mfereji wa barabara usielekezwe mtoni moja kwa moja. Maji yatolewe kidogo kidogo, yaingie katika nyasi au shimo la kutuliza tope. Kanuni za maji za mwaka 2006 zilikataza kulima kando ya mto, kwa upana usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande. Mwenye ekari moja huona hasara kuacha ukanda huo, na malalamiko yake si ya bure. Hata hivyo nyasi ziotazo pale bila jembe huweza kukatwa na kulishwa ng'ombe zizini, nao wakanyweshwa huko huko, badala ya kushuka mtoni na kubomoa kingo kwa kwato zao.