Kuchagua programu ya kupakua faili kubwa: vigezo vinne

0. Utangulizi

Mtafiti anayehitaji mkusanyo wa rekodi za sauti au nakala za magazeti ya kale hukutana na faili zenye gigabaiti kadhaa. Faili ya gigabaiti 1 ikipita kwa kasi ya kilobaiti 50 kwa sekunde huchukua sekunde 20,000, yaani zaidi ya saa tano na nusu. Umeme ukikatika katika saa ya tano, na programu isipojua kuendelea pale ilipoishia, kazi yote huwa bure na fedha za muunganisho zimekwisha kupotea. Makala haya yanaeleza vigezo vinne vya kuchagulia programu inayofaa.

1. Kuendelea baada ya kukatika

Hiki ndicho kigezo cha msingi. Itifaki ya HTTP/1.1, iliyochapishwa mwaka 1997, inaruhusu kompyuta kuomba sehemu tu ya faili, kuanzia baiti fulani. Seva inayokubali hujibu kwa namba 206. Isiyokubali hujibu kwa namba 200 na kutuma faili nzima tangu mwanzo. Hivyo basi, uwezo wa kuendelea hautegemei programu peke yake. Wget, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1996, huendelea na kazi iliyokatika ikiwa imepewa chaguo «-c». Kwa kawaida hujaribu mara 20. Mtumiaji anaweza kuongeza au kupunguza idadi hiyo.

2. Kugawa faili

Programu nyingine, kama aria2, huvuta sehemu mbalimbali za faili kwa wakati mmoja, na huweza kufungua hadi miunganisho 16 kwa seva moja. Njia hii husaidia pale seva inapobana kasi ya kila muunganisho. Lakini ikiwa njia ya chuo ndiyo nyembamba, kugawa hakuongezi maji mtoni: mtumiaji mmoja huchota zaidi, na wenzake hubaki wakisubiri.

3. Kudhibiti kasi na saa

Kwa sababu hiyo programu nzuri humruhusu mtumiaji kuweka kikomo. Chaguo «--limit-rate=40k» la Wget huzuia kasi isipite kilobaiti 40 kwa sekunde. Programu zenye ratiba huweza pia kuanza kazi usiku, watumiaji wanapokuwa wachache.

4. Kuhakiki

Faili iliyokamilika kwa ukubwa si lazima iwe salama. Ikiwa seva ilibadilisha faili kati ya jana na leo, nusu ya zamani huungwa na nusu mpya, na matokeo hayafunguki. Alama ya SHA-256, yenye tarakimu na herufi 64, huonyesha kosa hilo iwapo mwenye faili ameitangaza. Tena, diski iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili inayofikia gigabaiti 4, hata programu iwe bora namna gani.

5. Hitimisho

Wingi wa vitufe si ubora. Kabla ya kuiamini programu, inafaa kupakua faili ndogo kutoka seva ileile, kuisimamisha makusudi katikati, kuiendeleza, kisha kulinganisha alama. Programu inayoshindwa jaribio hilo la dakika chache haistahili kukabidhiwa kazi ya usiku mzima.